Jina Lina Safari Yake



Siku moja ya posho, kisha mazoezi ya korali, kijana mmoja alinifuata mlangoni mwa kanisa na kaye yake ya historia mkononi. Alisema: «Pasta, huyu mukubwa wa Amerika, Franklin Delano Roosevelt, ile Delano ni postnom yake? Bazungu nabo beko na postnom sawa siye?»

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, sababu swali lilikuwa zuri kupita vile yeye mwenyewe alifikiri. Kwetu, tangu mwaka 1972 Mobutu alipokataza majina ya kizungu ya ubatizo, kila mtu alikwenda kutafuta majina ya wazee wake. Karatasi za baba yangu ziko na jina moja mbele ya 1972 na jina lingine kisha 1972, lakini mtu ni yule yule. Hata leo, unapokwenda kutafuta kazi, mtu wa ofisi anasoma nom na postnom yako mbele ya kukutazama uso. Tayari amekwisha kujua, ao anafikiri anajua, umetoka upande gani.

Basi nilimwambia kijana: hiyo Delano ni jina la jamaa ya mama yake. Wamarekani wengi wanaweka jina la upande wa mama katikati, ili lisipotee. Na Delano si jina la kiingereza. Ni jina la kifaransa lililovunjika njiani. Limefanya safari ndefu, na mwisho wa safari lilikuja kugusa udongo wetu wa Katanga, pale Shinkolobwe. Kaa chini, nitakuhadithia.

Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia siku ile, pamoja na mengine.

JINA LINATOKA KWA MITI

Majina mengi ya kifaransa ni majina ya fasi. Wazee wa Union Minière walijua Wabelgiji wengi wa namna hiyo. Dupont ni mtu wa kwenye daraja, Dubois ni mtu wa kwenye pori, Dumoulin ni mtu wa kwenye kinu. Zamani kila mtu alikuwa na jina lake moja tu. Kama katika kijiji kulikuwa na Jean wanne, watu walisema: Jean wa darajani, Jean wa porini. Kidogo kidogo jina la fasi likashika watoto na wajukuu, hata kama daraja lilikuwa limekwisha kuanguka. Mwaka 1539 mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa aliamuru mapadri waandike ubatizo katika buku. Jina likikwisha kuandikwa, halikimbii tena vepesi.

Kuna mti unaoitwa kwa kifaransa aulne. Unapenda kuota kandokando ya mito na fasi zenye maji maji. Fasi yenye miti hiyo mingi iliitwa aulnaie. Watu wa kaskazini, kwa kusema kwao, walisema Lannoy. Na mtu aliyetoka huko akaitwa de Lannoy, ndiyo kusema «wa Lannoy». Majina Delannoy, Launay na Delaunay ni ndugu zake, yote yanatoka kwa mti ule mmoja. Hata leo uko mji mdogo unaoitwa Lannoy, karibu na Roubaix na Lille, na akina Delannoy wako wengi upande ule wa kaskazini ya Ufaransa.

Wako watu wa Marekani waliopenda kusema kwamba Delano wote wanatoka kwa wakubwa wa Lannoy, wale mabwana waliovaa chuma na kukaa karibu na wafalme. Mwaka 1899 kilichapwa kitabu kikubwa cha jamaa hiyo chenye kusema hivyo. Wachunguzi waliokuja kisha walisoma mabuku ya zamani ya kanisa, nao wakakuta jambo lingine: mzee wa jamaa hii alikuwa mtu wa Tourcoing, mji wa wafuma nguo. Ndugu zangu, tunajua ugonjwa huu hata kwetu. Kila mtu anapenda babu yake awe mfalme. Hakuna anayependa kusema: babu yangu alikuja na kitambaa begani, akitafuta kazi.

WALIVYOKIMBIA

Wakati ule, Lille na Tourcoing hazikuwa katika Ufaransa. Watu walisema kifaransa, lakini bwana wa inchi alikuwa mfalme wa Hispania, Philippe wa Pili. Lille iliingia Ufaransa kisha miaka mia moja, wakati wa mfalme Louis wa Kumi na Nne, aliyeikamata mwaka 1667. Ndiyo maana ninasema jina hili ni la kifaransa kwa lugha, si kwa pasiporti.

Mafundisho ya Reforme yalifika huko na watu wengi waliyapokea, zaidi wafuma nguo na wafanyabiashara wadogo. Mchungaji wao mmoja, Guy de Brès, ndiye aliyeandika Ungamo la Imani la Ubelgiji mwaka 1561. Makanisa mengi ya Reforme yanalishika hata leo. Mwaka 1566, mwezi wa nane, makundi ya watu yaliingia makanisani na kuvunja sanamu. Mfalme alikasirika sana. Guy de Brès alinyongwa Valenciennes mwaka 1567. Mwaka ule ule mfalme alimtuma Duc d'Albe na askari wengi, na baraza lake la hukumu liliua watu zaidi ya elfu moja. Maelfu na maelfu walifunga mizigo yao usiku.

Walikimbilia wapi? Wengine walivuka bahari hadi Uingereza, mji wa Canterbury. Huko walipewa ruhusa ya kusali ndani ya kanisa kuu la mji, upande wa chini, chini ya sakafu. Hata leo kuna chumba cha sala pale kwa ibada ya kifaransa. Wengine walikwenda Uholanzi, mji wa Leiden. Mji ule ulikuwa umezungukwa na maadui mpaka watu wake wakafa kwa njaa, na ulifunguliwa tarehe 3 mwezi wa kumi 1574. Kisha vita ulihitaji mikono ya kazi, na wakimbizi walikuja na ufundi wao wa kufuma. Kanisa lao liliitwa kanisa la Wallon, na ibada yake ilikuwa kwa kifaransa.

Katika kanisa hilo la Leiden, mwaka 1596, walioana Jean de Lannoy, aliyezaliwa Tourcoing, na Marie Mahieu. Jamaa ya huyu mama walikuwa wakimbizi wa upande wa Lille, nao walipita kwanza Canterbury. Mwaka 1603 mtoto wao Philippe alibatizwa. Baba akafa Philippe akiwa bado mdogo. Ona basi: mtoto wa wafuma nguo, yatima wa baba, mjukuu wa watu waliokimbia usiku. Huyu ndiye mzee wa jina Delano.

MERIKEBU ISIYO NA CHAKULA

Philippe alikuwa na mama mdogo, Hester Mahieu, aliyeolewa na Mwingereza, Francis Cooke. Waingereza waliokuwa Leiden walikuwa nao wamekimbia juu ya imani, na mchungaji wao alikuwa John Robinson. Mwaka 1620 baadhi yao walipanda merikebu Mayflower kwenda Marekani, na Francis Cooke alikuwa kati yao. Walikuwa abiria 102. Baridi ya kwanza iliua karibu nusu yao.

Mwaka uliofuata, 1621, mwezi wa kumi na moja, merikebu ya pili ilifika, jina lake Fortune. Ilileta watu 35. Philippe alikuwa ndani, kijana wa miaka 18 hivi, amekuja kumfuata mjomba wake. Wale waliokuwa wanangoja pwani walifurahi, kisha wakaangalia ndani ya merikebu: hakuna chakula. Wageni walikuja na matumbo tu. Gavana William Bradford aliandika kwamba ilibidi kukata posho ya kila mtu nusu. Hawakuwarudisha. Waligawanya kidogo kile kile walichokuwa nacho.

Na tusisahau, hata hicho kidogo kilitoka wapi? Wenyeji wa inchi, watu wa Wampanoag na mfalme wao Massasoit, walifanya agano la amani na wageni mwezi wa tatu 1621. Mwenyeji mmoja anayeitwa Squanto aliwafundisha kupanda mahindi. Bila wenyeji hawa, jina Delano lingezikwa pale pwani.

Waingereza hawakujua kuandika jina la kifaransa. Kila karani aliandika vile alivyosikia: de Lannoy, de la Noye, Delanoy, na mwisho Delano. Kijana aliyeniuliza swali alishangaa hapa, akasema hata jina la babu yake liliandikwa namna tatu katika vitabu vya kazi. Ni vile vile. Makarani wa dunia nzima ni ndugu.

KUMBUKUMBU INAVYOPOTEA

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Philippe alioa mwaka 1634, akapata watoto na mashamba. Mwaka 1652, Massasoit na mtoto wake Wamsutta waliuza eneo kubwa sana la udongo, lililoitwa kisha Dartmouth. Bei yake ilikuwa vitambaa, mablanketi, mashoka 15, majembe 15, chungu cha chuma na vitu vingine vya namna hiyo. Philippe alikuwa na fungu katika ununuzi huo, na mtoto wake Jonathan alikaa huko. Mwaka 1675 vita vilitokea kati ya Waingereza na Metacom, mtoto mwingine wa yule Massasoit aliyewapokea. Wenyeji walishindwa. Wengi wao, hata wale waliojitoa kwa amani pale Dartmouth, walipelekwa ng'ambo ya bahari na kuuzwa utumwani. Kutoka ile merikebu isiyo na chakula mpaka hapo haikufika miaka sitini. Waliokuwa wageni wakawa wenye inchi, na wenye inchi wakawa bidhaa.

Kisha miaka mingi alizaliwa Amasa Delano, mwaka 1763, katika mji wa Duxbury. Alikuwa kapiteni wa merikebu. Tarehe 20 mwezi wa pili 1805, karibu na kisiwa cha Santa María, inchi ya Chile, aliona merikebu ya Kihispania inayoitwa Tryal inakwenda ovyo. Alipanda ndani kusaidia, na maji na chakula, kama vile mtu mwema anavyofanya. Ndani alikuta kapiteni wa Kihispania, Benito Cerreño, na Waafrika karibu sabini. Alikaa nao saa nyingi za siku ile. Hakujua kitu.

Kumbe wale Waafrika walikuwa watumwa walioasi. Walikuwa wamekamata merikebu karibu miezi miwili mbele, wakaua mwenye kuwanunua, na walimwomba kapiteni jambo moja tu: turudishe kwetu, Senegal. Siku Delano alipopanda, walijifanya bado watumwa. Mmoja wa viongozi wao alijifanya boyi wa kapiteni, akikaa karibu naye kila dakika ili asiseme neno. Jioni Delano alipoingia mashua yake arudi, Cerreño aliruka ndani ya mashua na kila kitu kikafunuliwa.

Hapo, wapendwa, ndipo jina lilipopimwa. Mjukuu wa watu waliokimbia wafalme wa Hispania alisimama kati ya Mhispania na watu waliokuwa wanatafuta njia ya kurudi kwao. Alifanya nini? Aliwaahidi mabaharia wake fungu la mali, akawatuma kuikamata merikebu. Waliwapiga na kuwachoma kwa mikuki. Viongozi wengine walinyongwa katika mji wa Concepción, na waliobaki walirudishwa utumwani. Kisha Delano aligombana na Cerreño juu ya malipo. Mwaka 1817 aliandika yote katika kitabu chake, bila haya. Alikufa mwaka 1823. Sisi tungesahau jina lake kama mwandishi Herman Melville hangeandika hadithi juu ya mambo yale mwaka 1855.

Mimi niliposoma habari hii mara ya kwanza, nilifunga kitabu. Amasa hakuwa mtu mkali kwa asili. Alipanda na maji na chakula. Alikuwa na macho, lakini hakuweza kuona mtu anayefanana na babu yake, sababu rangi ya mtu yule ilikuwa nyingine.

AFYUNI NA MAKAA

Tawi lingine la jamaa lilikaa Fairhaven, bandari iliyo katika ule udongo ulionunuliwa kwa mashoka na majembe. Huko alizaliwa Warren Delano mwaka 1809. Alikwenda Uchina mwaka 1833, akawa mkubwa katika kompani ya Russell pale Canton. Walinunua chai, na sehemu ya faida yao ilitoka kwa kuuza afyuni, dawa inayowafunga watu kama hemp na pombe kali, na kupita. Serikali ya Uchina ilikuwa imeikataza. Warren aliandika kwa jamaa yake kwamba kwa upande wa maadili hawezi kuitetea biashara ile, lakini kama mfanyabiashara aliiona ni ya haki, sawasawa na kuuza pombe. Angalieni sana maneno hayo. Ni ya mtu aliyejigawanya vipande viwili: kimoja kinaenda kanisani, kingine kinaenda sokoni. Katika miji yetu ya migodi ninawajua wengi waliogawanyika hivyo.

Warren alirudi tajiri, akajenga nyumba kando ya mto Hudson. Mwaka 1857 fedha zilianguka Marekani, naye akapoteza karibu yote, akarudi tena Uchina kutafuta utajiri wa pili. Aliweka pesa pia katika migodi ya makaa pale Pennsylvania. Binti yake Sara, aliyezaliwa mwaka 1854, alisafiri na mama yake hadi Hong Kong mwaka 1862 akiwa mtoto. Mwaka 1880 Sara aliolewa na James Roosevelt, mtu wa jamaa yenye jina la Kiholanzi. Tarehe 30 mwezi wa kwanza 1882 alizaa mtoto wake mmoja tu, Franklin. Hapo Delano ikawa jina la katikati.

DELANO NA SHINKOLOBWE

Franklin Delano Roosevelt alikuwa rais wa Marekani tangu 1933 mpaka kifo chake, tarehe 12 mwezi wa nne 1945. Tangu 1921 miguu yake ilikuwa imekufa kwa ugonjwa wa polio, lakini aliongoza watu wake katika njaa na katika vita. Alifanya mema mengi kwa maskini wa inchi yake. Mwaka 1943, akienda mkutano wa Casablanca, alipita Gambia, na umaskini aliouona chini ya utawala wa Waingereza ulimkasirisha.

Alijua pia habari za wazee wake. Mwezi wa nne 1938 alisimama mbele ya wamama waliojivuna juu ya ukoo wao wa zamani, akawakumbusha kwamba wote, yeye pamoja nao, ni uzao wa watu waliohamia. Neno zuri sana. Lakini mwaka uliofuata, mwezi wa sita 1939, merikebu St. Louis ilifika karibu na Florida na zaidi ya watu 900, karibu wote Wayahudi waliomkimbia Hitler. Walituma telegramu kwa rais kuomba mlango. Hakuna jibu lililotoka. Merikebu ilirudi Ulaya. Uholanzi, ile iliyompokea Jean de Lannoy, ilichukua 181 kati yao, na Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza wakachukua wengine. Kisha majeshi ya Hitler yalifika huko pia, na 254 katika abiria wale walikufa. Wageni wa Fortune walikuja bila chakula na posho ikakatwa nusu. Kwa wageni wa St. Louis mlango haukufunguliwa.

Na Shinkolobwe? Tarehe 2 mwezi wa nane 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa rais Roosevelt, iliyomfikia mwezi wa kumi. Ilimwambia kwamba uranium inaweza kutengeneza bomu la ajabu, na kwamba fasi kubwa ya uranium ni Kongo ya Wabelgiji. Hiyo ilikuwa karieri ya Shinkolobwe, upande huu wa Likasi, ambako mawe yalikuwa na uranium nyingi kupita fasi nyingine zote zilizojulikana. Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kutuma tani zaidi ya elfu moja New York mwaka 1940. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, na kutoka 1943 shimo lilifunguliwa tena ili yatoke mengine. Babu zetu waliyachimba na kuyachagua kwa mikono, bila kuambiwa ni ya nini. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945 ilitoka pale. Roosevelt alikuwa amekwisha kufa, na aliyetoa amri ya kuliangusha ni Truman.

Majina ya wakubwa tunayasoma katika kaye ya historia. Majina ya wale waliobeba mawe ya Shinkolobwe, nani anayejua? Katika nyumba zenu wako wazee waliosikia habari zake kwa baba zao. Chukueni kaye, muandike, mbele wazee hawajaondoka.

MJI WENYE JINA HILO

Neno moja tena. Huko California kuna mji unaoitwa Delano. Uliwekwa na watu wa reli mwaka 1873, na jina lilitoka kwa waziri mmoja wa ukoo huu, Columbus Delano. Mwezi wa tisa 1965, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu pale waligoma juu ya mshahara. Walianza Wafilipino na kiongozi wao Larry Itliong, kisha Wameksiko na César Chávez wakaungana nao. Wengi wao walikuwa wahamiaji ao watoto wa wahamiaji. Walivumilia karibu miaka mitano. Mwaka 1970 wenye mashamba walitia sahihi mkataba. Basi jina la mkimbizi wa zamani likawa jina la fasi ambako wageni wapya walidai haki yao na wakaipata.

TUNAJIFUNZA NINI

Yule kijana alipokwisha kusikia haya, alinyamaza. Kisha akasema: «Pasta, basi hii jina ni muzuri ao ni mubaya?»

Jina si zuri wala baya. Jina ni kama kapo. Ukilipewa, uangalie wazee waliweka nini ndani, kisha uamue wewe utaweka nini. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anafundisha kwamba mtoto habebi dhambi ya baba yake. Na ni kweli pia kwamba mtoto hapati haki bure juu ya mateso ya babu yake. Imani ya Jean de Lannoy haikumzuia Amasa kufunga watu, na ubaya wa Amasa haukuwafunga Delano wengine wasitende mema.

Torati ilipowaamuru Waisraeli wasimwonee mgeni, iliwapa sababu moja: walikuwa wageni Misri. Mungu alijua kwamba kumbukumbu ya mateso inapotea upesi, mara nyingi mbele hata jina halijapotea. Wazee wenu wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, pale Likasi na Kolwezi, watu walipofukuzwa nyumbani mwao juu ya kabila, na mara nyingi jina ndilo lililowaonyesha. Walilala kwenye gare na watoto wakingoja treni, na wengine walifia pale. Wengi waliowafukuza walikuwa wakristo, na baba zao wengi walikuja nao kwa treni, wakitafuta kazi ya migodi.

Leo tena wageni wanafika kila siku kwenye machimbo yetu. Creuseur mmoja anatoka mbali, hana chakula, ana jina ambalo masikio yetu hayajazoea. Kabla ya kumwuliza jina lake ni la wapi, tujiulize jina letu lilipita wapi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani kisha chakula cha jioni:

1. Jina la jamaa yetu maana yake ni nini, na nani alilibeba wa kwanza kufika hapa?

2. Alipofika, nani alimpokea? Alimpa nini?

3. Katika jamaa yetu, kuna jambo ambalo wazee walifanya na hatupendi kulisema? Tunaweza kuliombea pamoja?

4. Mgeni gani amefika karibu na nyumba yetu mwaka huu, na tunajua jina lake?

Kijana wangu wa korali alirudi juma lililofuata na karatasi mbili, zimejaa majina ya babu zake hadi kizazi cha tano. Chini kabisa aliandika jina la mama mmoja asiye wa kabila lao, aliyemficha babu yake usiku mmoja na kumpa bukari. Alisema anataka mtoto wake wa kwanza apewe jina la mama huyo.